Kupima Mwendo wa Kiti Kifyatukacho kwa Setilaiti: Mfano wa Kufundishia Kasi na Mchapuko

Shabaha ya makala haya ni kuwapa walimu wa fizikia, na hasa wanachuo wanaojitayarisha kwenda mazoezi ya kufundisha, mfano mmoja wa kutumia wanapofundisha sura ya mwendo katika kidato cha pili na cha tatu. Mfano wenyewe unatoka mbali. Unahusu majaribio ya viti vinavyomfyatua rubani kutoka katika ndege ya kivita inapokaribia kuanguka, na namna ambavyo mwendo wa viti hivyo waweza kupimwa kwa msaada wa setilaiti. Hapana shaka wako watakaouliza mfano kama huo una faida gani kwa mwanafunzi ambaye pengine hajapata kuiona ndege ila ikipita juu angani. Jibu letu ni kwamba mifano tuliyoizoea, ya gari liondokalo kituoni na jiwe lidondokalo kutoka ghorofani, ijapokuwa ni mizuri, imechakaa. Mwanafunzi hutia tarakimu katika kanuni, hupata jibu, hupigiwa vema, wala hajiulizi kamwe tarakimu zile zilipatikanaje. Katika mfano huu swali la jinsi tarakimu zinavyopatikana ndilo swali lenyewe, na jibu baya huvunja uti wa mgongo wa mtu.

Kiti na uti wa mgongo

Ndege zilipokuwa za mwendo wa pole, rubani aliyepatwa na hatari aliweza kusimama, akapanda ukingoni na kuruka na mwavuli wake. Ndege za jeti zilipoanza kuruka wakati wa Vita Kuu ya Pili, njia hiyo ilikoma kufaa, kwa sababu upepo wa mwendo ule humbana mtu kitini, au humpigiza kwenye mkia wa ndege mara anapojitokeza. Ilibidi kiti chenyewe kimtoe. Mtu wa kwanza kuokoka katika hatari halisi kwa kiti cha namna hiyo alikuwa rubani wa majaribio wa Ujerumani, Helmut Schenk, tarehe 13 Januari 1942, katika ndege aina ya Heinkel He 280. Kiti chake kilisukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa.

Huko Uingereza kazi hii ilifanywa na mhandisi James Martin, ambaye mwenzake katika kampuni, rubani Valentine Baker, alikufa tarehe 12 Septemba 1942 walipokuwa wakiijaribu ndege yao wenyewe. Martin alitumia baruti badala ya hewa. Tarehe 24 Januari 1945 fundi wake, Bernard Lynch, alikubali kukaa katika kiti kilichowekwa juu ya reli zilizosimamishwa wima, akafyatuliwa na kupanda futi 4 na inchi 8, yaani mita 1.4 hivi. Katika majaribio yaliyofuata walipanda juu zaidi kidogo kidogo. Ndipo mwandishi wa habari mmoja aliyejitolea kujaribiwa alipotoka na pingili za mgongo zilizoumia. Martin akalazimika kurudi nyuma na kuuliza ni kitu gani hasa kinachoumiza: ni kasi, ni mchapuko, au ni namna mchapuko unavyoanza?

Jibu alilolipata ndilo tunalotaka mwalimu alishike, kwa kuwa halimo katika vitabu vingi vya shule. Kasi peke yake haiumizi. Abiria wa ndege husafiri kilometa 900 kwa saa huku akinywa chai. Mchapuko huumiza ukizidi kiasi. Lakini mchapuko ule ule huumiza zaidi ukija kwa ghafula kuliko ukipanda hatua kwa hatua, maana uti wa mgongo una tabia ya springi: ukisukumwa pole pole hujibana na kutulia, ukipigwa ghafula hujibana kupita kiasi kabla ya kurudi. Kwa hiyo badala ya fataki moja Martin alitumia mbili zilizolipuka kwa zamu, ya kwanza kukianzisha kiti na ya pili kukiongezea nguvu. Tarehe 24 Julai 1946 Lynch alifyatuliwa kutoka katika ndege ya Gloster Meteor iliyokuwa ikienda maili 320 kwa saa juu ya Chalgrove, akateremka salama kwa mwavuli.

Viti vya leo vina roketi chini yake, na vinaweza kumwokoa rubani hata ndege ikiwa imesimama ardhini, jambo ambalo W. T. Hay alilithibitisha kwa mwili wake mwenyewe mwaka 1961. Mambo mengi hutokea kwa muda mfupi: paa la kioo huondolewa au huvunjwa, bunduki ya kiti hukisukuma kwenye reli, roketi hukipandisha, kimwavuli kidogo hukituliza kisipinduke, mtu hutengwa na kiti, kisha mwavuli mkubwa hufunguka. Hayo yote katika sekunde chache. Viti hivi haviwezi kusadikiwa kwa maneno ya mtengenezaji. Hufungwa ndani ya kipande cha mbele cha ndege kilichowekwa juu ya kigari cha roketi, kigari hukimbizwa juu ya reli hata kufikia mwendo wa ndege, na kiti hufyatuliwa kikiwa na sanamu la mtu lenye uzito na viungo kama vya mtu. Reli ndefu iliyo mashuhuri kwa kazi hiyo iko Holloman, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, nayo ina urefu wa kilometa 15 hivi. Waingereza wanayo yao huko Langford Lodge, Ireland ya Kaskazini.

Ni Holloman ndiko Kanali John Stapp, aliyekuwa daktari, alikojifunga mwenyewe katika kigari cha roketi tarehe 10 Desemba 1954. Alifikia maili 632 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa muda wa sekunde 1.4. Tunawashauri walimu waanze somo lao hapa, kwa kuwa hesabu yake ni fupi na matokeo yake hushangaza. Maili 632 kwa saa ni kama mita 282 kwa sekunde. Ukigawa kwa 1.4 unapata mita 202 kwa sekunde kwa sekunde, yaani takribani mara 20 na nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Mwanafunzi ataandika jibu hilo na kupiga mstari chini yake. Lakini vyombo vilivyokuwa juu ya kigari vilionyesha kwamba mchapuko ulipanda hadi mara 46.2. Mishipa ya damu machoni mwa Stapp ilipasuka, akawa haoni kwa muda, ingawa alipona na kuishi hadi mwaka 1999.

Je, mwanafunzi amekosea? La, hesabu yake ni sahihi. Amepata wastani. Kilichopasua mishipa si wastani, bali ni kile kilele kilichofichwa ndani yake. Mwalimu akifika hapa anaweza kunyamaza kidogo na kuwaacha wanafunzi wabishane, kwani tofauti ya wastani na kipeo, ambayo ubaoni huonekana kama mchezo wa maneno, sasa ina macho ya mtu ndani yake.

Setilaiti hupimaje mwendo?

Kwa miaka mingi majaribio haya yalipimwa kwa njia mbili kuu. Kando ya reli ziliwekwa kamera za filamu zinazopiga picha nyingi mno kwa sekunde, na baadaye watu walikaa wakisoma picha moja moja ili kujua kiti kilikuwa wapi. Ndani ya sanamu viliwekwa vipima mchapuko, ambavyo habari zake zilipelekwa kwa redio au zilihifadhiwa humo humo. Njia zote mbili zingali zikitumika. Lakini kamera huhitaji mahali palipopimwa kwa uangalifu, mwanga mzuri, na anga isiyokuwa na moshi wa roketi; na kazi ya kuzisoma picha huchosha. Ndiyo maana wahandisi walivutwa na setilaiti.

Mfumo wa Marekani wa kutambua mahali, ambao watu wengi sasa huuita GPS, ulianza kwa setilaiti iliyorushwa Februari 1978, ukakamilika mwaka 1995. Baadaye Urusi, Ulaya na China nao wamekuwa na mifumo yao, na vipokezi vya leo husikiliza yote. Setilaiti za GPS huzunguka zikiwa kilometa 20,200 juu yetu, kila moja ikiwa na saa za atomu, na kila moja hutangaza bila kukoma: mimi niko mahali fulani, na saa yangu ni fulani. Kipokezi kikipata tangazo hilo hulinganisha saa ya kuondoka na saa ya kufika, na kwa kuwa wimbi la redio huenda kwa mwendo wa nuru, hupata umbali. Hapa pana mambo manne yasiyojulikana: urefu, upana na kimo cha mahali, pamoja na kosa la saa ya kipokezi chenyewe, ambayo ni saa ya bei rahisi. Kwa hiyo huhitajika setilaiti nne zitoe milinganyo minne. Mwanafunzi anayelalamika kwamba milinganyo ya pamoja haina kazi duniani aonyeshwe hapa.

Usahihi wake hutegemea saa. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde nuru huenda mita 300. Katika sehemu moja ya bilioni, sentimeta 30. Kwa wale wa kidato cha sita wanaopenda mambo magumu, mwalimu anaweza kudokeza kwamba saa zilizo huko juu hutangulia za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri, na kwamba jambo hilo lisingerekebishwa kosa la umbali lingekua kwa kilometa 11 hivi kila siku. Asikae hapo sana.

Kipokezi cha kawaida kilicho mahali peupe hukosea kwa mita chache, nazo ni nyingi mno kwa kazi yetu. Wahandisi hutumia hila mbili. Ya kwanza ni kuweka kipokezi cha pili karibu na reli, mahali panapojulikana barabara. Makosa yanayosababishwa na anga huvipata vipokezi vyote viwili kwa kiasi kinachokaribiana, basi kosa la kile kilichotulia hutolewa katika vipimo vya kile kinachokwenda. Ni kutoa tu, lakini faida yake ni kubwa. Ya pili ni kuhesabu mizunguko ya wimbi la redio lenyewe, pamoja na sehemu ya mzunguko, badala ya kutegemea ujumbe lililouchukua. Wimbi hilo lina urefu wa sentimeta 19, na kipokezi kizuri huweza kutambua sehemu ndogo sana ya urefu huo. Kwa hila hizi mbili mahali huweza kujulikana kwa usahihi wa sentimeta.

Iko pia njia ya kupata kasi moja kwa moja, pasipo kutafuta mahali kwanza. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara amesikia honi ya basi ikilia kwa sauti ya juu linapokuja, na sauti ikashuka linapopita. Hiyo ndiyo athari ya Doppler. Urusi iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, wanasayansi wawili wa Marekani, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza mlio wake ukishuka na wakaweza kukokotoa njia yake angani. Wazo la kutafuta mahali kwa setilaiti lilitokana na kugeuza hesabu hiyo nyuma mbele. Kwa wimbi la GPS, kila mita moja kwa sekunde ya kuikaribia setilaiti huongeza mizunguko mitano na robo kwa sekunde. Kipokezi hupima badiliko hilo, na kwa kuwa mwendo wa setilaiti wenyewe unajulikana, kinachobaki baada ya kuutoa huo na kosa la saa yake ni mwendo wa kipokezi. Kasi ipatikanayo hivyo huweza kuwa na kosa la sentimeta chache tu kwa sekunde.

Kosa la sentimeta moja

Sasa tunafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, mfano huu hulipa gharama zake zote. Tuseme kiti kinaongezewa kasi kutoka sifuri hadi mita 18 kwa sekunde kwenda juu, kwa muda wa sekunde 0.18. Hizo ni tarakimu za darasani, lakini haziko mbali na za viti halisi. Mchapuko wa wastani ni mita 100 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara 10 ya mvutano wa dunia. Tuseme pia kwamba tunajua mahali kilipo kiti kwa kosa lisilozidi sentimeta moja. Je, twaweza kuupata mchapuko wake?

Ikiwa tunapima mara 10 kwa sekunde, tutapata pimo moja au mawili tu katika muda wote wa kusukumwa. Kilele hakitaonekana kabisa. Basi na tupime mara 100 kwa sekunde, tupate vipimo 18. Lakini tazama kinachotokea. Kasi hupatikana kwa kutoa pimo katika pimo na kugawa kwa muda. Pimo moja likikosea sentimeta moja huku na jingine sentimeta moja kule, kosa ni sentimeta mbili, na likigawanywa kwa sekunde 0.01 huwa mita 2 kwa sekunde. Mchapuko hupatikana kwa kutoa tena na kugawa tena. Vipimo vitatu huhusika, kile cha katikati mara mbili, na kosa laweza kufika sentimeta nne zilizogawanywa kwa 0.0001. Hiyo ni mita 400 kwa sekunde kwa sekunde, mara 40 ya mvutano wa dunia! Ni kweli kwamba makosa yote hayaungani hivyo kila mara. Hata hivyo, robo yake tu inatosha kulingana na kile kitu chenyewe tulichotaka kukipima.

Kwa hiyo anayepima pole pole haoni kilele, na anayepima haraka haoni chochote ila makosa yake mwenyewe.

Walimu wenye uzoefu watakuwa wamekwisha kutambua kwamba jambo hili wanalo darasani kila mwaka. Kipimamuda cha utepe hupiga nukta 50 kwa sekunde, yaani nukta moja kila sekunde 0.02. Mwanafunzi akisoma mahali pa kila nukta kwa rula kwa kosa la nusu milimeta, na akajaribu kupata mchapuko kutoka katika nukta tatu zinazofuatana, kosa lake laweza kufika milimeta mbili zilizogawanywa kwa 0.0004, yaani mita 5 kwa sekunde kwa sekunde. Ni nusu ya kile anachokitafuta akiwa anapima mvutano wa dunia. Akikata utepe kwa vipande vya nafasi tano tano, muda unakuwa sekunde 0.1 na kosa linashuka hadi mita 0.2. Ndiyo sababu vitabu huagiza tukate nafasi tano tano. Tumewauliza wanachuo wengi sababu ya agizo hilo, na wengi wamejibu kwamba ni kurahisisha hesabu, kwa kuwa 0.1 ni tarakimu rahisi. Agizo hilo lina maana zaidi ya hiyo, na mwalimu asiyeijua hawezi kumsaidia mwanafunzi ambaye nukta zake zimetapakaa kwenye grafu kama mtama uliomwagika.

Wahandisi hawawezi kukata nafasi tano tano, kwa sababu kilele kingepotea. Njia yao ya kwanza ya kutoka ni Doppler. Kasi ikipimwa moja kwa moja, hatua moja ya kugawa huondoka. Kasi yenye kosa la sentimeta 5 kwa sekunde, ikipimwa kila sekunde 0.01, hutoa mchapuko wenye kosa lisilozidi mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Kutoka mara 40 tumeshuka hadi mara moja.

Njia ya pili ni kuichumbia setilaiti mwenzi. Kipima mchapuko kilicho ndani ya sanamu huona kila mtikisiko bila kuhitaji kugawa chochote. Lakini nacho kina ila yake. Tuseme kina kosa dogo lisilobadilika la mita 0.1 kwa sekunde kwa sekunde. Ukijumlisha ili kupata kasi, baada ya sekunde 10 umekosea mita 1 kwa sekunde. Ukijumlisha tena ili kupata mahali, umekosea mita 5. Baada ya dakika moja, mita 180. Kugawa hukuza makosa madogo ya haraka. Kujumlisha hukuza makosa madogo ya kudumu. Basi setilaiti humrekebisha mwenzake katika yale ya kudumu, naye huiarifu setilaiti yale ya ghafula. Grafu ya kasi na wakati, ambayo wanafunzi hufundishwa kwamba mteremko wake ni mchapuko na eneo lililo chini yake ni umbali, imetumiwa hapa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Jambo moja katika ndoa hiyo huwatatiza hata walimu. Kipima mchapuko kilichotulia mezani huonyesha mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na kikidondoka bila kizuizi huonyesha sifuri, kwa sababu kinahisi msukumo wa kile kinachokishikilia, si mvutano wa dunia. Setilaiti huona kinyume chake: mezani sifuri, katika kudondoka 9.8. Kabla ya kulinganisha vipimo hivyo viwili sharti mvutano wa dunia uhesabiwe, na ili kuuhesabu ni lazima kujua kiti kimeelekea upande gani, kwa hiyo huongezwa vyombo vya kupima mzunguko.

Taabu za kiti chenyewe kwa kipokezi ni nyingi. Kasi si tatizo kubwa. Vipokezi vya kawaida vya kiraia huzuiwa visifanye kazi kupita mwendo wa mita 515 kwa sekunde hivi, na kigari kinachokwenda noti 600 kina mita 309 tu kwa sekunde. Tatizo ni mchapuko. Kipokezi hulifuata wimbi kama mtu afuatavyo wimbo kwa sikio. Wimbo ukipanda ghafula, hupotea. Kiti tulichokitaja hubadilisha marudio ya wimbi kwa mizunguko 95 katika sekunde 0.18, ikiwa setilaiti iko juu yake moja kwa moja. Kipokezi kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hakikutarajia hivyo. Kikikaza sana ili kisikilize pole pole na kwa usahihi, huachwa. Kikilegezwa ili kifuate upesi, husikia kelele nyingi. Tena kiti hupinduka, na antena iliyotazama mbingu hutazama ardhi, basi hufaa kuwa na antena zaidi ya moja. Na kipokezi hakiwezi kuwashwa wakati wa kufyatua, maana habari za njia ya setilaiti peke yake huchukua sekunde 30 kutangazwa, na jaribio zima limekwisha zamani. Huwashwa mapema, kikawa kimekwisha kushika setilaiti kabla kigari hakijaondoka.

Pamoja na taabu hizo, iko faida moja ambayo twaona haisifiwi vya kutosha: saa. Vipokezi vyote hufuata wakati mmoja. Ndege ikiwa na viti viwili, njia ya kila kiti, picha za kamera na vipimo vya ndani ya sanamu vyote huweza kupangwa juu ya mstari mmoja wa wakati, na mtu akajua ni umbali gani ulikuwa kati ya viti viwili wakati mwavuli wa kwanza ulipofunguka.

Darasani

Mwalimu hahitaji roketi. Kipindi cha kwanza kitumie kipimamuda cha utepe, na wanafunzi wakokotoe mchapuko kwa nukta tatu tatu, kisha kwa vipande vya nafasi tano, na wachore grafu zote mbili kwenye karatasi moja. Wasielezwe kabla.

Kipindi cha pili kifanyike kiwanjani. Simu moja ya mwalimu yatosha, kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Iwekwe katikati ya kiwanja, mbali na miti na kuta, na mwanafunzi aandike mahali inapojionyesha kila nusu dakika kwa dakika kumi. Wataona kwamba simu isiyotikisika inatangatanga. Kisha mwanafunzi atembee nayo kwa hatua sawasawa kando ya mstari wa kiwanja, mwenzake akipima muda kwa saa na umbali kwa kamba. Katika simu nyingi kasi inayoonyeshwa hutulia kuliko mahali panapoonyeshwa, na darasa liulizwe inawezekanaje kasi ijulikane vizuri kuliko mahali. Honi ya basi itawapa jibu. Kazi hii ifanywe mchana. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, tabaka la anga lenye chembe za umeme huchafuka mara kwa mara baada ya jua kuchwa, na ishara za setilaiti huyumba.

Kipindi cha tatu tunapendekeza zoezi lifuatalo, ambalo tarakimu zake tumezibuni wenyewe. Kasi ya kiti kwenda juu, kwa mita kwa sekunde, ilipimwa kila sekunde 0.03 kuanzia sifuri, ikawa: 0, 1.2, 3.6, 7.2, 11.1, 14.7 na 18.0. Darasa ligawanywe makundi matatu. Kundi la kwanza lipewe pimo la mwanzo na la mwisho tu; la pili lipewe la mwanzo, la katikati na la mwisho; la tatu lipewe yote. Kila kundi litafute mchapuko mkubwa kabisa wa kiti hicho, kisha liambiwe kwamba kwa ajili ya zoezi hili kiti hakikubaliwi kikipita mita 125 kwa sekunde kwa sekunde, na liandike ripoti fupi ya kukikubali au kukikataa. Kundi la kwanza litapata 100, la pili 120, la tatu 130. Makundi mawili yatakipitisha kiti na moja litakikataa, na wote watakuwa wamepiga hesabu bila kosa. Ubishi ukishapamba moto, mwalimu aliulize kundi la tatu, ambalo kwa wakati huo litakuwa linajiona limeshinda, kama lina hakika kwamba 130 ndicho kilele, na ni chombo gani lingekiomba ili lipate hakika hiyo.